Bastola ya Papa Furaha na Shati Langu la Hariri

Ndiyo, ni mimi. Yule mnayemsikia kila mahali Wakongo wa Yeoville wanapokaa, saluni, kanisani, mpaka sokoni Newtown, kwamba alivua suruali mbele ya mama mkwe wake mchana kweupe, ndiye huyu mnayemwangalia. Na kwa kuwa kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake (juzi nimesikia eti nilikuwa nimelewa, mimi ambaye hata divai ya ushirika inanipanda kichwani), leo naisema mwenyewe, na msinikatize.

Mimi ni Espoir, fundi cherehani, mtoto wa Bukavu, na sijisifu (haya, najisifu), Johannesburg hii ukimwona Mkongo suti imemkaa mabegani sawasawa, muulize, atakuambia ni mkono wangu. Ninachoshona ndicho ninachovaa, na kutoka nje na nguo ya ovyo kwangu ni sawa na kutoka bila kunawa uso. Sasa ubaya ni kwamba nilimpenda Furaha, na baba yake, Papa Furaha tunavyomwita, ni mwanajeshi wa zamani ambaye siku hizi anafundisha walinzi kulenga shabaha kwenye uwanja mmoja nje kidogo ya jiji, na mzee yule mwanaume wa kujipamba hawezi hata kumwona. "Mwanaume anayependa kioo," anasema, "basi aoe kioo." Wachumba wawili alishawarudishia mlangoni. Wajomba zangu walikuwa wanangoja neno lake tu walete posa, na neno halitoki, mwezi unaingia mwezi unatoka, mpaka siku hiyo akanipigia simu mwenyewe: "Espoir, Jumamosi njoo uwanjani. Kuna bastola ya zamani wamenipa niijaribu. Nataka nikuangalie."

Nikajua huo ndio mtihani. Furaha akanishauri, "Bastola ya aina hiyo Papa aliibeba jeshini, anaipenda kuliko sisi watoto wake. Jifunze habari zake. Na uvae shati la kufunga shingo, pale ni sheria." Habari nikajifunza, jamani, wiki nzima mguu uko kwenye cherehani na simu iko pembeni inanisomesha. Lakini hilo la shati! Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza shati la hariri rangi ya divai, kola imelala pande zote mbili, kifua wazi kama inavyotakiwa, na suruali ya krimu iliyonibana vizuri mpaka chini. Nikasema moyoni, sheria ya shingo ni ya walinzi, mimi naenda kuangaliwa na mkwe. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo tu hivyo, na yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Papa Furaha aliniangalia kuanzia viatu kwenda juu, bila haraka, akachukua fulana moja ya khaki iliyokuwa imetundikwa ukutani, inanuka jasho la watu wa wiki nzima. "Vaa hii."

"Papa, niko sharp, sihitaji," nikamjibu.

"Sawa. Ngozi ni yako."

Bastola ilikuwa mezani, juu ya kitambaa, nyeusi, rangi imechakaa pembeni kwa kutolewa na kurudishwa kwenye ala miaka na miaka. Akaniuliza, "Unaijua?" Eish, nilikuwa naingoja hiyo! Nikamwambia hii ni ile ya Kibelgiji, ile majeshi ya kwetu yaliyoiita GP, ambayo Mmarekani aliyeanza kuichora alifariki huko huko Ubelgiji kabla hajaimaliza, Mbelgiji aliyefanya naye kazi akaichukua akaikamilisha. Kwamba wakati bastola nyingi zinabeba risasi saba au nane, yenyewe inameza kumi na tatu. Kwamba kwenye vita kuu Wajerumani walikiteka kiwanda wakajitengenezea, na maadui zao nao wakawa wanaitengeneza upande wa pili wa bahari, hivyo watu walikuwa wanapigana huku na kule wameshika bastola ile ile. Mzee akaiinua. Akachomoa magazini, kile kibweta cha risasi, akahakikisha kwamba bastola ni tupu, akaielekeza kwenye shabaha, akavuta triga. Haikutoa hata kile kimlio cha bastola tupu.

"Mbona imegoma?" akaniuliza.

"Haijagoma, Papa. Bila magazini inakuwa bubu, hata kama kuna risasi imebaki ndani. Jeshi la Wafaransa ndilo lililotaka iwe hivyo, halafu wenyewe wasiinunue."

Mzee akacheka! Papa Furaha akacheka, meno nje, mtu ambaye hata kwenye harusi huwa anakaa kama yuko zamu. Akanionyesha kovu kati ya kidole gumba na kidole cha pili. "Wafaransa!" akasema. "Hili hapa umelisoma? Ukiishika juu sana kinyundo cha nyuma kinakuuma. Ilinifundisha nikiwa kijana." Nilijisikia mrefu kama jengo. Nilishawaona wajomba zangu mlangoni kwake, wamevaa suti nilizowashonea.

Akairudisha magazini yenye risasi, akaijaribu yeye kwanza. Akapiga taratibu, na matundu yote yakakaa pamoja, kisahani cha chai kingeyafunika. Akaiangalia ile bastola, akasema polepole, "Bibi kizee bado anaona vizuri." Kisha akanikabidhi, akasimama begani kwangu. Nikaishika kama alivyonionyesha, nikavuta pumzi, nikapiga. Katikati! Nikapiga tena, karibu na katikati! Na ya tatu, ndugu zangu, sijui hata ilikwenda wapi, kwa sababu ganda lake tupu la shaba lilitoka likiwa la moto, likagonga ukuta wa mbao uliokuwa kulia kwangu, likarudi, likatafuta pa kuingia, likaiona ile kola niliyoilaza vizuri kwa pasi.

Mmewahi kuwekewa kaa la moto kifuani? Nilitaka kurukaruka. Lakini (hapa sikilizeni vizuri, maana wanaosimulia huwa wanaparuka hapa) mkono wangu haukugeuka. Mdomo wa bastola ukabaki unatazama kule kule mbele, kidole nikakitoa kwenye triga, nikailaza mezani polepole kama naweka mtoto mchanga, na kifua kinaungua. Ndipo nikaanza kucheza. Nikachomoa shati kwenye mkanda ili ganda lianguke chini, nalo badala ya kuanguka nje likaangukia ndani ya suruali, na suruali ile, kwa vile nilivyoibana kwa mikono yangu mwenyewe, haikuwa na nafasi hata ya sarafu, likanata pajani. Nikavuta mkanda, nikavuta zipu, zipu ikakwama, nikaipasua. Suruali ya krimu! Nikaivua mpaka kwenye viatu, ganda likaruka sakafuni, nikapiga kelele, "Asante Yesu!" nikageuka.

Nyuma ya kioo cha watazamaji alikuwa amesimama Mama Furaha, na sufuria ya pondu, kisamvu cha mchana cha mzee, mikononi, na wamama wawili wa kwaya.

Nyie mnajua kwetu. Mama mkwe humpi mkono. Ukimwona njiani unapisha. Hata kula mbele yake huli. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na suruali kwenye vifundo vya miguu, na hilo halikuwa mwisho, maana wale wamama watatu walikuwa wametoka mazoezini, wamevaa sare zao za kitenge, kijani chenye kasuku wa njano, sare nilizozishona mimi, na siku wanachukua sare zao Mama Furaha mwenyewe aliniuliza masalio ya kitambaa yako wapi, nikamwapia kwamba hakikubaki hata cha kufungia kidonda. Sasa wote watatu wanaangalia bukta yangu. Kijani. Kasuku wa njano.

Mmoja akasema, "Yesu na Maria, huyu naye ni wa kwaya?"

Mama Furaha akanigeuzia mgongo. Nikapandisha suruali iliyopasuka, nikaishikilia kwa mikono yote miwili, machozi yananitoka, si ya moto tena, ni ya Furaha, nikajua nimeshampoteza. Nikamwambia mzee, "Papa, nisamehe. Naenda."

"Simama hapo," akasema. Akaenda mezani, akaitazama bastola ilivyolala, mdomo wake umeelekea wapi, akatoa magazini, akaitoa na risasi iliyobaki ndani. Akafungua mlango wa kioo, akamwambia mke wake kwa sauti ya kufundishia: "Mama Furaha, nimefundisha watu miaka mingi, walinzi, mapolisi, wanajeshi. Ganda likiwaingia shingoni wote wanageuka na silaha mkononi. Mimi mwenyewe niligeuka, nusura nimuue rafiki yangu. Huyu mtoto wa kioo ameungua, na amelaza bastola kwanza ndipo akaungua vizuri. Mimi nimemaliza kumwangalia."

Mama Furaha, bado amenipa mgongo, sufuria bado mikononi, akamwambia mume wake, maana mimi hanisemeshi:

"Mwambie mkwe wangu kitambaa cha kwaya akirudishe. Na akifue kwanza."

Mkwe wangu! Alisema hivyo, na mashahidi wapo.

Posa ilipokelewa. Tangu hapo masalio ya kila mteja nayafunga kwenye nguo yake, hata yawe ya upana wa kidole, bukta nanunua dukani kama watu wengine, na mzee akiniita uwanjani nafunga vifungo mpaka kooni, joto au baridi, na ile fulana yake ya khaki navaa juu yake. Kovu la pajani ninalo, siwaonyeshi, imetosha. Lakini mkitoka hapa mkaisimulie, na najua mtaisimulia, isimulieni yote: bastola niliilaza kwanza.