Pakiti ya Maziwa Badala ya Barakoa

Saa nne asubuhi, msumeno wa mawe unazimwa katika timbo moja la kuchimba mawe nje kidogo ya Ganda, Malindi. Kahaso Lewa, 39, anatokea ndani ya vumbi jeupe, leso kaifunga puani, kope zimegeuka mvi. Anapanga foleni na wenzake kumi na mmoja. Kila mmoja anapewa pakiti ya maziwa ya nusu lita.

"Haya, mkaoshe mapafu," anasema msimamizi wao, Japheth.

Kahaso anaiweka yake juu ya jiwe. Haifungui.

Hapa hakuna barakoa. Hakuna bomba la kuumwagia msumeno maji ili vumbi lilale. Kwa miaka sita, kinga pekee aliyotoa mwenye timbo ni maziwa, na wafanyakazi wakayaamini.

Kahaso aliyaamini kuliko wote. Mumewe, Kitsao, ndiye aliyeendesha msumeno huo. Alipoanza kukohoa, Kahaso alimpa na pakiti yake mwenyewe.

"Miaka mitatu nilijinyima," anasema. "Nasimama mbele yake mpaka amalize. Ananitania, 'Mke wangu, utanigeuza ndama.' Tunacheka, na kifua kinazidi."

Kitsao alifariki Agosti mwaka jana, akiwa na miaka 44. Miezi ya mwisho alilala ameketi, kaegemea ukuta.

Baada ya matanga, Kahaso alikwenda zahanati na kikohozi chake mwenyewe. Muuguzi, Swabra Abdulqadir, anaikumbuka siku hiyo.

"Nilimwuliza, mama, hayo maziwa yanapita wapi? Akanionyesha kifua. Nikamwambia yanakwenda tumboni, mapafuni halifiki hata tone."

Vumbi laini likikaa mapafuni, Swabra anaeleza, huharibu chembe hai moja baada ya nyingine, kama hewa ya chumvi inavyoyala mabati kwa kutu. Mwili una kinga yake, na mboga za majani na matunda huitia nguvu. Lakini vumbi likiingia kila siku, kinga hiyo hulemewa.

"Kwanza vumbi lizuiwe," anasema. "Na hiyo si kazi ya mgonjwa. Ni ya mwajiri."

Kahaso alirudi timboni kuomba barakoa. Jibu la mwenye timbo lilikuja siku ya tatu: wachague, barakoa au maziwa.

"Wewe una mtoto mmoja," Pola, mwenzake wa miaka mingi, alimwambia mbele ya watu. "Mimi nina wanne, na maziwa hayo ndiyo chai yao. Barakoa nitaichemsha?"

Kahaso hamlaumu. "Analipwa shilingi mia tano kwa siku, kama mimi. Mwenye kosa ni aliyetukalisha tugombanie pakiti."

Japheth, akiulizwa, anatazama chini. "Mimi natumwa tu. Nami nakohoa."

Sasa kuna barua kwa afisa wa kazi. Inadai maji kwenye msumeno na barakoa, na maziwa yasiondolewe. Tisa kati ya wale kumi na wawili wameweka alama ya dole gumba. Pola bado. Jumatatu Kahaso ataipeleka mwenyewe.

"Mwenye timbo akinifukuza, anifukuze," anasema. Bintiye, Kadzo, yuko kidato cha pili. "Nataka nibaki na pumzi ya kumgombeza akichelewa kurudi. Siku hizi nikianza kumfokea, kikohozi hunikaba, na yeye ndiye hukimbia kunishika mgongo."