Jogoo Niliyemla Amezaa Bandani Kwangu

Jamani, kuna aibu haitoki hata ukioga.

Jogoo niliyemtafuna mwenyewe, mifupa nikamtupia paka, kaonekana kazaa kwenye banda langu.

Msinicheke kwanza.

Mimi ni fundi friji, ila mtaani wananiita Profesa kwa sababu ya kuku. Nafuga weusi tii, wenye upanga bapa. Upanga ni ile nyama nyekundu ya kichwani. Wa kuku wangu umelala, hausimami na meno kama msumeno. Nimewachagua miaka na miaka, anayetoka na kasoro namtoa.

Sasa siku moja wakaanguliwa vifaranga wawili wa rangi ya udongo. Wakakua, wekundu! Naangalia kichwani, msumeno!

Damu ikachemka. Mtaa mzima mwenye jogoo mwekundu wa msumeno ni mmoja tu, Mama Fundi, jirani yangu wa ukuta mmoja. Mama mtu mzima, anaishi peke yake, yeye na cherehani yake barazani na jogoo wake anayeshinda kalala chini ya meza. Ndiye anayewashonea wanangu sare. Ndiye tunayemwachia ufunguo tukitoka.

Nikamwendea na kuku wangu mkononi kama ushahidi. Wateja wamejaa.

"Mama, jogoo wako anaruka ukuta ananiharibia mbegu! Kazi yangu yote imekwenda na maji!"

Akainua macho kwenye kitambaa. "Jogoo wangu mimi?"

"Sasa huyu kafanana na nani? Si baba yake mtupu?"

Watu wakacheka. Mama Fundi akatupa jicho chini ya meza, kisha akawatazama wateja.

"Basi, mwanangu. Yaishe."

Kesho yake jioni akaja na bakuli limefunikwa. Jogoo, kapikwa.

"Hatakusumbua tena. Sitaki tununiane kwa ajili ya kuku."

Mke wangu alikataa hata kuonja. Mimi nilikula mpaka nikalamba vidole, na mdomo wangu huu ukasema, "Kumbe mkorofi ana nyama tamu!"

Mungu anisamehe.

Nikasubiri mwezi mzima kabla ya kuatamisha tena, maana tetea hutunza mbegu ya jogoo tumboni kwa muda. Nilitaka ya yule mkorofi iishe kabisa.

Wakaanguliwa. Watatu wa udongo. Wakakua, msumeno tena.

Mke wangu kaegemea mlango wa banda, ananitazama.

"Profesa, na hawa baba yao nani? Marehemu?"

Kumbe jogoo wangu mweusi na matetea yangu walibeba wekundu na msumeno ndani kwa ndani, urithi wa mababu zao. Nje huoni kitu. Wakikutana wawili wenye urithi uleule, baadhi ya watoto wanawaumbua.

Nikamweka kifaranga mmoja kwenye boksi, nikaenda. Safari hii Mama Fundi alikuwa peke yake.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi. Hakuwa yeye."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Mwanangu, yule alikuwa kipofu. Hata maji nilikuwa namsogezea mdomoni. Angeruka ukuta aende wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Sasa mama, mbona hukusema?"

"Ulikuja na makelele mbele za watu. Ningesema, wangekucheka wewe. Nawe una watoto."

Akakanyaga cherehani kidogo, akaacha.

"Ulimla?"

"Nilimla, mama."

"Chumvi ilikolea?"

"Ilikolea."

Sikuweza kuinua uso. Nikamsogezea boksi. Akampapasa kifaranga kichwani, kwenye ule msumeno mdogo, kisha akanirudishia.

"Mrudishe kwa mama yake. Mimi nilimzoea yule."

Mpaka leo anawashonea wanangu sare. Mpaka leo anapokea ufunguo wetu, anauliza tutarudi saa ngapi. Angenitukana ningepona.

Ndugu zangu, ukiwa na hasira na una uhakika, anza kukagua banda lako. Ukishindwa hilo, basi nenda peke yako, uulize kwa sauti ya chini.

Zamani jogoo wangu akiwika alfajiri, yule mwekundu alikuwa anamjibu. Siku hizi anawika, ananyamaza, anasikiliza, anawika tena. Nami niko macho kitandani, namsikia.