Ndinda na Kamusi ya Mikate

Ndinda wa Kayole hakuwa mchokozi. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, na majirani zake wa ploti, waliopanga vyumba ua mmoja naye, walicheka kabla hajamaliza. Huyu ni mwanamke aliyeweza kukuomba chumvi, ukaingia ndani kumtafutia, na ukitoka ukamkuta ameketi kwenye kigoda chako, anakusifu mbele ya watu kwa jinsi ulivyomkaribisha.

Kazi yake ilikuwa katika kiwanda kimoja cha mikate huko Industrial Area, chumba cha kompyuta. Nasema kompyuta, wala si kompyuta nyingi. Mwaka ule wa tisini na sita ilikuwa moja tu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni, na hukuingia mle bila kuvua viatu. Ndinda aliilisha takwimu, nayo ikatema ripoti: ya mauzo, ya magari, ya mikate iliyorudi, ya unga, ya wafanyakazi, na nyingine moja ambayo hakuna aliyejua ilianzishwa na nani, ila ikichelewa watu walipiga kelele.

Alikuwa kibarua wa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Binti yake Koki, aliyekuwa anakaribia kuanza darasa la kwanza, aliishi na nyanya yake huko Machakos, na Ndinda alikuwa amemwahidi kwamba akiandikwa kazi ya kudumu atakuja kumchukua wakae pamoja. Ahadi hiyo alikuwa ameitoa mara nyingi mno. Siku hizi Koki hakuuliza tena ni lini, na kule kutouliza kulimuuma mama yake kuliko kilio.

Basi wiki moja ripoti zikaonyesha kwamba kiwanda kimeuza mikate mingi kuliko kilivyooka. Mkurugenzi, Bwana Shitanda, aliwasomea wakuu wa idara mkutanoni, kisha akauliza kama kuna mmoja wao anayeoka nyumbani. Hakuna aliyecheka. Kwa Chege wa mauzo, mkate uliuzwa pale mwenye duka alipouagiza. Kwa Muriuki wa magari, uliuzwa ulipotoka getini. Kwa Lydiah wa uhasibu, uliuzwa siku pesa zilipoingia, hata kama aliyeula ameshahamia Mombasa. Kila mmoja aliapa kwamba wenzake ni waongo.

Shitanda akamwita Ndinda. "Nataka kamusi," alimwambia. "Kila neno lililo kwenye ripoti zetu lipewe maana moja, na hawa watatu watie sahihi. Ukiileta kabla mwezi haujaisha, nakuandika kazi ya kudumu. Usipoileta, sioni sababu ya kukuongezea mkataba."

Maneno mengi hayakumsumbua. Moja alilitungia maana kwa furaha tele. Dereva aitwaye Mbithi alikuwa ameandikisha watoto kumi na mmoja wapewe keki za Krismasi, wawili kati yao wakiwa na ndevu. Ndinda akapiga chapa: mtoto wa mfanyakazi ni yule anayeishi naye nyumba moja. Lydiah, ambaye alishughulikia pia mambo ya wafanyakazi, alicheka hadi akavua miwani, na wale wengine wawili wakatia sahihi bila neno.

Lakini mkate uliouzwa ulimtoa jasho. Chege alikataa maana ya Muriuki kabla ya kuisoma, Muriuki akaikataa ya Lydiah kwa sababu ni ya Lydiah. Watu hawa walikuwa wamegombania kivuli kimoja cha kuegesha magari tangu enzi na enzi. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapa walikuwa watatu, mmoja amevaa sketi. Mwezi ukakaribia kwisha, na Ndinda akaanza kuogopa kweli.

Hofu ndiyo iliyomrudishia uchokozi wake. Kila idara ilikuwa na faili za rangi yake: nyekundu za mauzo, kijani za magari, buluu za uhasibu. Ndinda akachukua maana ya Chege mwenyewe, neno kwa neno, akaiweka ndani ya faili ya kijani na kumpelekea. Hakusema ni ya nani. Hakuulizwa.

Chege aliiona rangi ile, shingo ikavimba. "Sasa Muriuki ametuletea nini? Ati mkate umeuzwa juu ya mwenye duka kusema anataka? Na akibadilisha mawazo? Na ukifika umebondeka akatae?"

"Hata mimi nashangaa, bosi," alisema Ndinda. "Hebu niandikie hapo chini, wasije wakasema nimetunga."

Chege aliandika nusu ukurasa na kutia sahihi yenye mkia mrefu. Muriuki naye akapata maana yake mwenyewe ndani ya faili ya buluu, akauliza kwa maandishi kama Lydiah amewahi kusikia kwamba gari huharibika njiani. Lydiah akapewa yake katika faili nyekundu. Aliandika kwa mwandiko mzuri kwamba ni upuuzi mtupu kungoja pesa, kwani mkate unaweza kuwa umeliwa na kusahaulika kabla shilingi moja haijafika.

Ndinda alizisoma zote tatu akaona kwamba, kwa hasira zao, wamekwisha kumfanyia kazi. Akaandika: mkate uliouzwa ni ule uliofika dukani, mwenye duka akaupokea kwa sahihi yake, na haukurudi.

Mkutanoni Chege ndiye aliyeinua mkono kwanza kupinga, na mwenziwe wa magari akafuata. Ndinda, kwa adabu ya mkwe, aliwapelekea kila mmoja karatasi yake aikumbuke. Chege akasoma maneno ya juu, akasoma mwandiko wake chini, akasoma tena juu. Muriuki akakohoa. Lydiah alimtazama Ndinda, akafungua kalamu. Hakuna aliyeweza kupinga bila kutangaza kwamba amejitukana mwenyewe, kwa hiyo walitia sahihi. Shitanda alisema hajawahi kuona umoja wa namna ile.

Alasiri hiyo Ndinda alikwenda kwa Lydiah kujaziwa fomu ya kazi ya kudumu.

"Watoto?" aliuliza Lydiah.

"Mmoja, madam. Koki."

"Anakaa wapi?"

"Kwa mamangu, Machakos."

Lydiah alivuta kamusi, akalowesha kidole, akafunua ukurasa na kuusoma kwa sauti. "Basi huna mtoto, Mama Koki," alisema. "Maneno ni yako."

Akaandika: hakuna. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Ndinda alitaka kucheka, maana lingempata mtu mwingine angecheka wiki nzima, lakini lile neno lilimkata maini. Lilikuwa kweli. Alikuwa na mtoto wa kusimulia, si wa kuishi naye, na sasa hata kisingizio cha kibarua kilikuwa kimekwisha.

Jumamosi alikwenda Machakos. Mama yake alikuwa amezifunga nguo za Koki kwenye shuka kabla hajamaliza kueleza, na mtoto alimshika sketi njia nzima hadi Kayole, mama asije akabadilisha nia.

Jumatatu alimwingiza ofisini kwa Lydiah. "Huyu hapa. Tunaishi nyumba moja."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Kamusi haikusema siku ngapi."

Lydiah alimtazama mtoto, akamtazama mama, na mdomo ukamchezacheza. Deni la faili nyekundu alikuwa bado hajalisahau. "Mgeni siku mbili," alisema. "Huyo bado ni mgeni, Ndinda."

"Nilijua utasema hivyo. Juzi, jana na leo, madam, hiyo ni siku ya tatu. Asubuhi nimempa jembe."

"Jembe gani, Kayole?"

"Ameosha vyombo," alisema Ndinda.

"Na nikavunja kikombe," alisema Koki, ambaye hakutaka mambo yafichwe.

Lydiah alichukua kalamu, akalikata lile neno "hakuna", na juu yake akaandika: mmoja.