Kitini Chenye Mapengo

Siku tuliyozindua rafu huria ya chuo chetu nilivaa kitenge kipya na keki nikaikata mwenyewe. Rafu yenyewe haikuwa ya mbao. Ilikuwa ukurasa wa mtandaoni ambao mtu yeyote, awe mwanafunzi wetu au muuza mitumba wa Vingunguti, angeweza kuufungua kwa simu yake, akapakua vitini vya wahadhiri wetu, akavisoma, akavichapisha na kumgawia jirani, bila kumwomba mtu ruhusa. Mimi ni mkutubi, na kazi ya kuijaza rafu hiyo niliachiwa mimi. Kwa miaka miwili nilizunguka ofisi za wahadhiri nikiwabembeleza kama mshenga anayetumwa kwa watu wakorofi. Wengine walinipa vitini vyao ili niwaondokee tu.

Kitini nilichojivunia kuliko vyote kilikuwa cha takwimu. Mwenyewe alikuwa mhadhiri mzee aliyekaribia kustaafu, mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu nyekundu mfukoni, na chuo kizima kilimwita Dokta kana kwamba madokta wengine hawapo. Somo lake lilisomwa na mwaka wa kwanza wa karibu kila idara, na liliwatoa jasho. Miaka yote kitini hicho kiliishi katika duka moja la steshenari pale Mabibo, jirani na hosteli, na wanafunzi walitoa kopi ya kopi ya kopi mpaka herufi zikachoka. Nilimwomba Dokta karatasi zake halisi nikaziskani mwenyewe.

Sasa niseme ukweli wangu. Niliona kwamba karibu kila ukurasa ulikuwa na sehemu nyeupe katikati ya hesabu. Mstari unaanza, unakatika, halafu jibu linatokea chini. Nikadhani skana ni chafu. Nikamwita fundi akaisafisha, nikarudia kurasa zote, na weupe ukabaki palepale. Nikajiambia wino wa zamani umefifia, nikapandisha kitini mtandaoni hivyo hivyo. Siku ya uzinduzi nikasimama mbele ya wakubwa wangu, nikajipiga kifua, nikasema elimu yetu sasa haina geti wala mlinzi. Walipiga makofi. Nami nililala vizuri sana usiku ule.

Likizo ndefu ilipoanza, simu ya maktaba ililia. Alikuwa mwanamke kijana, na nyuma yake mtoto mchanga alikuwa akilia.

"Shikamoo, mama. Mie mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nipo huku Madale. Nimekipakua kitini cha takwimu, kimefunguka fresh tu. Ila mama, kina mapengo."

"Mapengo gani, mwanangu?"

"Dokta huwa anayaacha makusudi. Anayajaza ubaoni siku ya kipindi, na sie tunajaza naye. Usipokuja darasani huna kitu."

Akanieleza mengine. Alijifungua katikati ya muhula, akakosa vipindi vyote vya mwisho, akafeli takwimu. Mtihani wa marudio ulikuwa umebakiza wiki sita. Akifeli tena ni disko, yaani anaondolewa chuo, na safari yake inaishia hapo. Mama mkwe alikuwa amekubali kumshikia mtoto kila asubuhi mpaka adhuhuri ili asome. Lakini asome nini? Vipindi vilikuwa vimekwisha, na wenzake wa hosteli walikuwa wamerudi mikoani. Alikuwa amewaomba kurasa zao, wakamtumia picha.

"Kila mtu kajaza lake, mama. Pengo moja, majibu matatu. Nikaona mficha uchi hazai, na mie nishazaa, acha niseme."

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Si aibu ndogo. Nilikuwa nimefanya kazi pale kwa miaka mingi kuliko umri wa wanafunzi wengine, na desturi ambayo kila mwaka wa kwanza anaijua kabla ya Novemba mimi sikuijua. Nilihesabu kurasa nilizopandisha. Sikuzisoma. Niliita wazi kitu kilichokuwa na kufuli kila baada ya mistari mitano, na kufuli lenyewe nikaliitia fundi wa skana.

Nikamwomba anitumie picha zote alizonazo. Nikazichapisha na kwenda kwa Dokta.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, bibie. Umekuja kuchukua nini tena? Nimebaki na koti tu."

Nikamweleza. Hakushtuka hata kidogo. Akaniambia mapengo yale ndiyo ufundishaji wenyewe. Mwanafunzi akiandika hatua kwa mkono wake, huku akimwona mwalimu anavyoifikia, inamkaa kichwani. Akipewa tayari anaimeza kama kidonge na kuisahau. Hapo alikuwa na hoja, na nilimkubalia. Kisha akasema jambo ambalo nadhani hakupanga kulisema.

"Mwaka mmoja niliwapa kitini kamili. Wiki ya tatu nikaingia ukumbini nikakuta benchi moja tu lina watu. Ukumbi ule unaujua ulivyo. Nilifundisha saa mbili nikitazama viti. Nikijaza yote, bibie, hakuna atakayekuja."

Ningekuwa mtu wa busara ningemwonea huruma kwanza. Mimi hasira zangu ziko karibu.

"Dokta, huyu binti hajakataa kuja. Darasa lenyewe halipo! Wewe na ukumbi mko likizo, yeye ana mtihani. Unamwadhibu mtu kwa kosa la watu wengine, tena watu ambao walishahitimu wana vitambi!"

"Sheria ni sheria," akasema, akafungua droo kutafuta kitu ambacho hakikuwemo.

Niliondoka bila kuaga vizuri. Karatasi za yule binti niliziacha mezani kwake, na sitadai kwamba niliziacha kwa akili. Nilizisahau kwa hasira. Njiani kurudi nyumbani Temeke nilijilaumu kwamba nimemharibia. Nilijua mzee akishanuna, hata mkuu wa idara humwacha.

Asubuhi ya tatu nikamkuta Dokta amesimama mlangoni pa maktaba kabla sijafungua. Mkononi alikuwa na zile karatasi, na zilikuwa zimejaa wino mwekundu.

"Hii takataka ni ya nani?" akauliza, akanionyesha ukurasa mmoja. "Mtu kagawanya kwa idadi yote badala ya kuipunguza moja kwanza! Na hii inatembea kwenye simu za watu, juu kuna jina langu! Wamekuwa wakijaza hivi miaka yote?"

"Sijui, Dokta. Ila huko mtandaoni watu wataendelea kujaza wanavyojua wao."

Akanitazama kwa jicho la mtu aliyetegwa, nami naapa sikumtega. Akaomba meza ya pembeni. Kwa siku nne alikuja saa mbili asubuhi, akanywa chai yangu, akajaza. Alinung'unika peke yake. Mara mbili nilimsikia akicheka kidogo, na nilipomuuliza akasema hatua fulani ilikuwa nzuri, alikuwa ameusahau uzuri wake. Kila alipomaliza kurasa kumi niliskani na kumtumia yule binti wa Madale kabla hata sijapandisha kwenye rafu. Yeye alinijibu kwa ujumbe wa sauti, mtoto akicheua begani mwake: "Mama, kumbe ndo hivi! Kumbe hii kitu nilikuwa naikaribia!" Nilizisikiliza sauti zile mara nyingi kuliko inavyohitajika. Nilikuwa na furaha, nami sioni sababu ya kuifunika.

Mtihani ulifika ukapita. Sikumpigia simu. Niliogopa.

Wiki ya kwanza ya muhula mpya alitokea maktaba mwenyewe, mtoto mgongoni kwenye kanga, anataka kadi yake ya maktaba ifufuliwe. Kadi haifufuliwi kwa mtu aliyepigwa disko. Nikajua kabla hajanitajia matokeo, nikazunguka kaunta nikamkumbatia pamoja na mtoto, na machozi yakanitoka mbele ya wafanyakazi ninaowakaripia kila siku.

Dokta alikuwa meza ya magazeti. Binti alipomwona akajipangusa uso, akamwendea.

"Shikamoo, Dokta. Mie ndo yule wa marudio."

"Marahaba. Umepata nini?"

"C."

"C?" Gazeti likashuka. "Na nimekujazia kila kitu?"

"Si kila kitu, Dokta. Ukurasa wa mwisho ulibaki na pengo. Swali la tano lilitoka hukohuko. Sikuligusa."

Nilitaka ardhi inimeze. Ukurasa ule niliuona. Juu yake paliandikwa "Zoezi", nikadhani pengo lake ni la mwanafunzi kujaza mwenyewe, nikaupitisha. Mara ya pili tena!

Nilimgeukia Dokta nikitarajia atanipigia kelele, na ningestahili. Hakupiga. Alilikunja gazeti mara mbili, polepole, bila kututazama.

"Huo niliuacha makusudi," akasema. "Nilisema nibakize mmoja. Nikijaza wote, hakuna atakayekuja."

Binti alisimama pale, akimpembeza mtoto mgongoni. Nilidhani atakasirika, maana ningekuwa mimi ningekasirika kwa niaba ya ukoo wangu wote. Yeye akavuta kiti cha mbele ya mzee.

"Basi mie nimekuja, Dokta," akasema.

Mzee akalisukuma gazeti pembeni. Kisha akaniambia nimpokee mtoto, akaomba karatasi.