Bugi la Drams za Umeme

Sikuzipenda drams za umeme tangu siku zilipofika Tabora, na mpaka leo sizipendi. Tulikuwa bendi ya shirika moja la umma, kazi yetu kukopi nyimbo za wenzetu: za Kongo, za Dar es Salaam, na za Wazungu tulizoimba bila kujua tunasema nini. Drams zangu za zamani zilikuwa zimechoka. Ngozi za dukani hazikupatikana miaka ile, kama sabuni na sukari zilivyokuwa hazipatikani, kwa hiyo nilizivalisha ngozi ya mbuzi na kuzianika juani kabla ya kupiga. Zilinguruma vibaya, lakini zilinitii.

Kisha kiongozi wetu, mpiga kinanda, akarudi kutoka mafunzoni Ulaya na vibao vinne vya mpira mweusi, vimeungwa kwa waya kwenye kisanduku chenye vitufe. Ukigonga kibao, mlio unatokea kwenye spika. Kisanduku kikakaa kwake, pembeni ya kinanda, na drams zangu zikapelekwa stoo bila mtu kuniuliza. Zamani umeme ukikatika, mimi na mpiga tumba ndio tulioshikilia dansi hadi urudi. Sasa tukienda kupiga vijijini kama Goweko tulibeba jenereta, nayo ikikohoa tu, nilibaki nimekaa kama mgeni.

Tuligombana sana. Katika ukumbi wetu, sebene likikolea, mchezaji hodari huja mbele ya mpiga drams na kutikisa mabega, naye mpiga drams humjibu. Ndiyo raha yenyewe. Kiongozi hakuitaka.

"Watu wanataka wimbo ulivyo kwenye santuri," aliniambia. "Wewe unatia vikorombwezo vyako."

"Sasa kaka, mtu akija mbele yangu nimtazame tu?"

"Mtazame."

Baba yangu alikuwa fundi bati, mtu wa swala tano, na dansi kwake lilikuwa uhuni mtupu. Watu wakinisifu dukani kwake, alibadilisha mazungumzo. Kila Idi nilimwomba aje anisikie hata mara moja, na kila Idi alinijibu, "Tutaona." Iliniuma kuliko nilivyokubali kusema. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke, na bado nilitaka baba aseme kwamba kazi yangu ni kazi.

Jumapili moja, katika bugi, dansi letu la mchana, nikamwona baba mlangoni. Kanzu nyeupe, kofia, uso umekunjamana. Mama alikuwa amemsukuma mpaka akachoka kubisha.

Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Sebene likapanda, kijana mmoja mrefu akaja mbele yangu akatikisa mabega, nikamjibu. Hakikutoka kitu. Nikagonga tena, kwa nguvu zaidi, kimya. Nikainua fimbo zote mbili juu, na drams zikaendelea kulia kwenye spika, safi, bila kukosea, vilevile kama kwenye santuri. Nikamgeukia kiongozi. Waya wangu ulikuwa umechomolewa, unaning'inia pembeni ya kisanduku. Akaniinamia sikioni.

"Kinajipiga chenyewe," akasema. "We chezesha mikono tu, watu waone."

Nilitaka kumtupia fimbo usoni. Wallahi ningemtupia. Lakini baba alikuwa anakuja, wachezaji wakiipisha ile kanzu kwa adabu, wengine wakimwamkia shikamoo huku wanacheza. Akapanda jukwaani polepole, akatoa noti mfukoni, akanituza kama wanavyotuzwa wapigaji wote, akiibandika kwenye paji la uso wangu lililolowa jasho.

"Piga, mwanangu," akasema.

Nikapiga. Nilipiga ule mpira mpaka bugi likaisha, nikitabasamu kama punguani, na noti imeganda usoni.

Jioni nilimkuta baba sebuleni kwake, anakunywa kahawa na mama. Sijawahi kumwona amechangamka vile.

"Mkono wa mwanao umetulia," alimwambia mama. "Nimesikiliza kutoka mwanzo mpaka mwisho, haukuteleza hata mara moja."

"Asante, baba," nikasema.

Nilikuwa nimekuja na neno moja tu, kumwomba arudi Jumapili nyingine, nami ningezitoa drams zangu stoo hata kwa ugomvi, ili anisikie mimi. Kabla sijalisema, akasema moyo wake umeridhika, ameshasikia alichotaka kusikia, na ukumbini kule hana haja ya kukanyaga tena. Hakukanyaga tena.