Kofia ya karani ku Lovoi

Leo karani, jirani yetu, amekimbia mama-mukwe wake mbele ya bantu wote!

Yeye njo alitupeleka na kamyo ya mizigo ku muto Lovoi, familia tatu na batoto, tutembee kama Bazungu.

Akatandika kitambaa cha meza juu ya majani, akavula kofia yake ya Kizungu, akaiweka pembeni.

"Kuogopa kula mbele ya mama-mukwe, ile iko mambo ya bashenzi," akatuambia. "Siye tuko ba-évolué, bantu bastaarabu!"

Haya, bwana mukubwa.

Miye niko nafungua sardini, mama-mukwe wake akatokea na njia ya shamba, kitunga cha mihogo ku kichwa.

Karani akatupa mukate, akaruka mu matete!

Batoto bakapiga makofi. Balizani iko muchezo.

Munasema nini, bandugu?

Ku fasi yake ilibakia kofia tu. Ile njo évolué ya kweli: haikukimbia.