Vifungo vya Mkwe Wangu

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, hajawahi kushtakiwa popote; waliosema ana vifungo vya kutumikia walisikia neno moja wakajijazia mengine. Yeye ni mshonaji. Kibao cha kuongozea programu yake ya muziki amekiunda mwenyewe: vifungo sitini na vinne vya koti vinavyopitisha mwanga, na chini ya kila kimoja taa na swichi. Hulehemu waya huku tepu ya kupimia imemning'inia shingoni, akiimba puani. Safu ikipinda kidogo tu, huifumua yote kama pindo, wala hanuni. Jirani alipokuja na uso wa msiba akasema, "Pole, mwanangu, nimesikia habari za vifungo," mkwe wangu alimjibu bila kuinua kichwa, "Asante, mama. Vimebaki vinne tu." Jirani akashika mdomo. Mkwe wangu alipoelewa hakumcheka, alimvutia kiti, akamwambia, "Bonyeza hiki, usiogope." Kifungo kikawaka kijani, ngoma ikalia kwenye kompyuta. Jirani aliomba radhi kwa maneno marefu. Aliyoyasema siyarudii, nyumba hii haitembezi habari za watu.